Hati za Misitu: Zilivyoandikwa, Zilivyozikwa na Zilivyofukuliwa

Zamani katika mitaa ya Kariakoo, kabla maghorofa ya zege hayajaziba upepo wa bahari, makao ya mtu wa kawaida yalikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, ukumbi ukipita katikati hata uani. Na mtu aliyeubandua udongo wa kuta zake aliikuta ndani yake miti ya mwambao, yaani nguzo zilizosimikwa ardhini, fito zilizofungwa kwa kamba, mtambaapanya uliolazwa juu ya ukuta, makombamoyo yaliyolibeba paa, na pau zilizoyabeba makuti. Aghalabu miti hiyo ilikuwa mikoko, na mikoko iliyosifiwa kuliko yote ni ile iliyotoka katika delta ya mto Rufiji, ikaletwa kwa majahazi hata bandari ya Dar es Salaam, maana mti wa mkoko ni mzito, umenyooka, na mchwa huuogopa.

Tangu mwaka 1898 miti hiyo haikupaswa kukatwa pasipo kuandikwa. Aliyetaka kukata alitakiwa kuwa na kibali, aliyekata alitakiwa kulipa ushuru, na karani aliyepokea ushuru alitakiwa kuujaza katika daftari na kutoa stakabadhi. Daftari lilizaa taarifa ya mwezi, taarifa za miezi zikazaa ripoti ya mwaka, na ripoti ya mwaka ikafungwa katika jalada, ikapewa namba, ikawekwa katika masijala. Sehemu ya majalada hayo ingalipo hata leo, katika jengo la Nyaraka za Taifa lililoko mtaa wa Vijibweni, Upanga, mahali ambapo mtu aweza kufika kwa miguu akitoka sokoni Kariakoo. Tarikhi ya hati hizo ndiyo niliyokusudia kuisimulia, kwa kuwa naamini kwa moyo wote kwamba karatasi zilizotungwa ili kumtenga mwananchi na mti wake zimekuwa, kwa sababu tu ya kutunzwa, mashahidi wa msitu na wa mwananchi kwa pamoja.

Biashara ya mikoko ni kongwe kuliko serikali zote zilizoisajili. Kwa karne nyingi majahazi ya Hadharamaut, ya Oman na ya nchi za Ghuba yalishuka kwa kaskazi yakileta tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Boriti zilihesabiwa kwa korija, kila korija miti 20, na katika majengo ya mawe ya mwambao upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, wala si matakwa ya mwenye nyumba. Watu wa delta waliijua miti yao kwa majina na kwa kazi: mkoko na msinzi kwa ujenzi, mkandaa kwa fito na kwa magome ya kudabagha ngozi, mchu na mkomafi kwa vyombo na samani, mlilana kwa mataruma ya mashua. Sultan Majid bin Said alipoanza, katika miaka ya 1860, kujenga mji wake mpya wa Dar es Salaam kando ya kijiji cha Mzizima, elimu hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa. Lakini hesabu zake zilikaa katika madaftari ya wafanyabiashara na vichwani mwa manahodha, wala hapakuwa na ofisi iliyodai kwamba msitu wote ni wake.

Dai hilo lilikuja na Wajerumani. Mwaka 1891 waliifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo, na tarehe 26 Novemba 1895 ilitolewa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni milki ya Dola. Maelezo ya utekelezaji yaliyofuata yaliagiza kwamba wenyeji waachiwe eneo mara nne ya lile walilokuwa wakililima, na palipobaki pahesabiwe kuwa pa serikali. Nayo ni kanuni iliyodhihirisha jinsi watawala wale walivyoielewa nchi, maana walimtambua mwenye jembe, lakini hawakumtambua mrina asali, wala mchimba dawa, wala mvuvi aliyehitaji mtumbwi, wala mkulima aliyeliacha shamba lake lipumzike miaka kadhaa akitaraji kulirudia. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akaongeza sheria ya wanyamapori, akaanzisha leseni za uwindaji na kutenga maeneo mawili yasiyowindwa, mojawapo likiwa huko huko Rufiji. Mwaka 1898 kikafunguliwa kituo cha misitu huko Salale katika delta, na tarehe 9 Septemba 1904 ikapitishwa sheria ya kuhifadhi misitu, iliyoiwezesha serikali kuutangaza msitu wowote kuwa hifadhi na kuzuia ndani yake ukataji, uchomaji moto, malisho na makazi.

Sheria ya namna hiyo haiwezi kwenda bila karatasi, na karatasi hizo zastahili kutazamwa kwa karibu. Jalada la Kijerumani hufungwa kwa uzi, karatasi juu ya karatasi kwa kufuata tarehe, kila ukurasa ukiwa na namba yake, ili mtu asiweze kuchomoa mmoja pasipo pengo kuonekana. Maandishi yake aghalabu ni ya mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa taabu. Humo mna barua za Gavana kwa afisa wa misitu, hesabu za magome yaliyopelekwa Ulaya kwa viwanda vya ngozi, orodha za vibali, na michoro ya hifadhi ambamo mpaka hutoka kijitoni, ukapanda kilimani, ukateremka hata njia ya zamani. Majina ya vijito na vilima hivyo hayakuwa ya Kijerumani; yalitoka vinywani mwa majumbe na wazee walioulizwa mahali ni wapi, kwa kuwa afisa mgeni hakuwa na namna nyingine ya kuuandika mpaka. Fauka ya hayo, utawala ule uliwasiliana na maliwali na maakida kwa Kiswahili, na barua nyingi za mwanzo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hivyo mtafiti anayeyafungua majalada ya zama zile yampasa kujiandaa kukutana na sauti ya mwenyeji katikati ya sauti ya mtawala, ingawa sauti hiyo ni ya mtu aliyehojiwa na si ya mtu aliyeshauriwa.

Athari za sheria hizo zilionekana mapema. Katika viunga vya Dar es Salaam msitu mmoja ulitengwa ukapewa jina la Sachsenwald, ambalo ni jina la msitu wa Kansela Bismarck ulio karibu na Hamburg, kana kwamba kulibadili jina kungewasahaulisha jirani zake kwamba walikuwa wakiutumia tangu enzi za babu zao. Kusini, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia wapiganaji dawa ya maji, alinyongwa Mohoro, katika wilaya hiyo hiyo ya Rufiji, tarehe 4 Agosti mwaka huo. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, nazo ni kodi, kazi za shuruti, pamba na dhuluma za maakida. Lakini wanahistoria wa siku hizi, hususan Thaddeus Sunseri aliyezichambua hati za misitu kwa makini, wamebainisha kwamba kuzuiwa misitu na uwindaji kulikuwa pia miongoni mwa machungu ya watu wa kusini. Baada ya vita utengaji haukukoma. Ulipofika mwaka 1914 hifadhi zilikuwa zimezidi mia mbili, na eneo lake lilikaribia hekta 750,000.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na hapo hati zenyewe zikaingia safarini. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya delta ya Rufiji tangu mwishoni mwa 1914, ikisitiriwa na mikoko ile ile iliyokuwa ikihesabiwa na maafisa wa Salale, hata ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ikarudi bara kwa kuifuata reli ya kati, na mwaka 1916, adui alipokuwa akikaribia, majalada ya serikali yalipelekwa Tabora yakafukiwa ardhini. Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, na Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji siku 15 baadaye. Vita vilipokwisha hati hizo zilitafutwa zikafukuliwa, baadhi zikiwa zimeharibiwa na unyevu na nyingine zikiwa salama, zikarudishwa Dar es Salaam kwa mabwana wapya, ambao walizihitaji hasa kwa ajili ya kujua nani alimiliki ardhi gani.

Wakati huo huo, upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja, ulikuwa ukizaliwa mtaa ambao jina lake limebeba msiba mkubwa. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kwa ajili ya mji wa Waafrika waliokusudia kuutenga huko, lakini kabla soko halijachukua nafasi yake vita viliwakuta, na Waingereza walipoingia waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho ulimi wa mwambao ulikiita Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya vijana walibebeshwa risasi na unga, wakaenda kwa miguu mamia ya maili, wakafa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa; hesabu rasmi za Waingereza zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wengi wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa daftari za wapagazi hazikutunzwa sawasawa. Na litazamwe jambo hili kwa uzito wake: katika vita hivyo hivyo serikali moja ilipata nafasi ya kuzichimbia shimo hati zake zisipotee, na serikali nyingine haikupata nafasi ya kuyaandika majina yote ya watu waliokufa wakiitumikia. Familia nyingi hazikupata kujua mtoto wao amezikwa wapi, wala kulipwa ujira wake. Mwenye kudhani kwamba masijala ni kazi ya makarani wachache isiyomhusu mwananchi na alitafakari hilo.

Waingereza waliendeleza kazi ya misitu kwa mkono wa pili. Idara ya Misitu ya Tanganyika iliundwa, ikaweka makao yake kwanza Lushoto, na Sheria ya Misitu ya mwaka 1921 ikazithibitisha hifadhi nyingi za Wajerumani; hapo ndipo majalada yaliyofukuliwa yalipotumika upya, kwani mpaka uliochorwa na afisa wa Kaiser ulirithiwa na afisa wa Mfalme. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliitangaza ardhi yote ya nchi kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Kati ya mwaka 1928 na 1932 misitu ya mikoko ya mwambao wote ilitangazwa kuwa hifadhi. Kadhalika mfumo wa karatasi ulibadilika: badala ya jalada lililoshonwa kwa uzi lilikuja faili la Kiingereza, lenye karatasi zilizotobolewa pembeni na kupitishwa kamba, ambamo maafisa waliandikiana maoni, mmoja chini ya mwingine, hata uamuzi ukafikiwa. Faili la namna hiyo lina faida kubwa kwa mwanahistoria, kwa kuwa halionyeshi amri peke yake bali pia ubishi ulioitangulia: huyu ataka mapato, yule ataka kinga ya vyanzo vya maji, na mkuu wa wilaya aonya kwamba wananchi watanung'unika.

Kariakoo nayo ilikua. Mwaka 1923 lile jengo la Wajerumani lilifunguliwa kuwa soko, na kulizunguka mitaa ilichorwa kwa mistari iliyonyooka, viwanja vikagawiwa, na mahitaji ya nguzo, fito, mbao na mkaa yakaongezeka kwa kadiri watu walivyoongezeka. Katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, ambao sasa ni Lumumba, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi hifadhi za misitu ya Pugu na Kazimzumbwi katika vilima vya Kisarawe. Haya mawili hayakupangwa yaambatane. Lakini mtu akiyasoma pamoja huona kwamba swali lililoulizwa katika mtaa ule wa Kariakoo, yaani nchi hii ni ya nani, lilikuwa pia swali la kila ukurasa wa faili la misitu.

Uhuru ulipopatikana, serikali mpya ilirithi miti na karatasi pamoja. Ni fahari kwa taifa changa kwamba, katikati ya upungufu wa shule, wa waganga na wa fedha, liliona umuhimu wa kumbukumbu mapema sana: Waraka wa Rais namba 7 wa mwaka 1963 ulianzisha hifadhi ya nyaraka za taifa, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1965. Wataalamu wa chuo cha nyaraka cha Marburg, Ujerumani, walishirikiana na wenyeji wao kuzipanga hati za Kijerumani, na mwaka 1973 Eckhart Franz na Peter Geissler walichapisha orodha yake kamili. Wakati huo kizazi kipya cha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Gilbert Gwassa na John Iliffe, kilikuwa kimekwisha kuzisoma hati hizo sambamba na masimulizi ya wazee wa Umatumbi na Ungindo, kikahakikisha kwamba vita vya Maji Maji havitasimuliwa tena kwa maneno ya upande mmoja. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza hati za Kijerumani za Nyaraka za Taifa katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mji nao ulikuwa ukiiacha mikoko. Soko jipya la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 8 Desemba 1975, lilisimama kwa nguzo za zege zilizotanua paa lake mfano wa miavuli, na hamkuwamo humo hata boriti moja ya Rufiji. Hata hivyo misitu haikupata nafuu iliyotarajiwa, kwani zege lilichukua nafasi ya nguzo, lakini hakuna kilichochukua nafasi ya mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania ilitumia yapata tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba Dar es Salaam peke yake ilitumia karibu nusu yake. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, na mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa mpango wa usimamizi wa mikoko yote ya Tanzania Bara, uliopima jumla ya hekta zipatazo 115,500, karibu nusu yake zikiwa Rufiji. Mpango wa namna hiyo hauna maana pasipo kumbukumbu za nyuma. Maana mtu hawezi kusema msitu umepungua au umeongezeka asipokuwa na hati ya jinsi ulivyokuwa.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mipaka. Pugu na Kazimzumbwi, ambazo sasa zimeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, zimezongwa na mji unaopanuka kwa kasi, na magomvi ya mipaka baina ya hifadhi na jirani zake yamejirudia mara nyingi. Katika magomvi kama hayo afisa husema msitu uliishia pale, mwanakijiji husema babu yake alizikwa hapa, na mnunuzi wa kiwanja huonyesha karatasi aliyopewa juzi. Ramani ya zamani na tangazo la serikali lililotaja kijito na kilima kwa jina vyaweza kuuokoa msitu na mvamizi. Lakini vyaweza pia kumwokoa mwanakijiji na afisa aliyesogeza mpaka, na kuthibitisha kwamba watu walikuwapo kabla ya hifadhi, na kwamba kilichotwaliwa kilitwaliwa bila ridhaa yao. Hati haina upendeleo ikiwa imehifadhiwa yote. Huwa na upendeleo pale inaponyofolewa kurasa.

Kwa sababu hiyo hatari ya leo si vita tena, bali ni uzembe na pupa. Sheria ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka imeweka utaratibu mwema: ofisi za serikali zikabidhi hati zao kwa wakati, na zilizotimiza miaka 30 ziwe wazi kwa umma. Sasa wizara zimehamia Dodoma, ikiwemo ya Maliasili na Utalii, na kila uhamisho wa ofisi ni wakati wa mafaili kupotea, maana katika kufungasha ni rahisi kuthamini meza kuliko masanduku ya karatasi kuukuu. Ofisi za wilaya na vituo vya misitu vijijini ndivyo vilivyo hatarini zaidi, kwa kuwa huko ndiko ziliko hati ambazo hazina nakala ya pili: leseni za uvunaji, hesabu za ushuru, malalamiko ya wanavijiji, mihtasari ya mikutano ambamo wazee walikubali au walikataa.

Yanayotakiwa yanajulikana, wala hayana ajabu. Afisa misitu anayehama kituo aachie mafaili yake kwa hesabu kama anavyoacha fedha. Vijana wachache wafundishwe kila mwaka kuisoma hati ya mkono ya Kijerumani na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ili tusiwategemee wageni kutusomea mambo yetu. Nakala za ramani za mipaka zipelekwe katika ofisi za vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mwananchi azione bila ya kusafiri hata Upanga au Dodoma. Na shule zetu za Ilala na Kariakoo ziwapeleke wanafunzi Vijibweni wakaone, kwa macho yao, karatasi zilizoamua nani akate mti na nani asikate. Wazee wao walilipa gharama ya hati hizo kwa ardhi yao, na wengine kwa roho zao. Basi ni haki ya watoto hao kuzisoma, na ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba watazikuta.